Daktari wa Mbuzi Kwenye Kipaza Sauti

Mwaka 1923 mji mdogo wa Milford, katika jimbo la Kansas huko Marekani, ulipata redio yake. Kituo kiliitwa KFKB, na mwenye kituo hakuwa tajiri wa ngano wala mwanasiasa. Alikuwa John Romulus Brinkley, mtu aliyejiita daktari, na kazi iliyomjengea jina ilikuwa kuwapasua wanaume na kuwawekea vipande vya korodani za mbuzi beberu. Waliomwendea walikuwa wanaume ambao, kama wasemavyo vijiweni, jogoo wao hapandi tena mtungi. Upasuaji mmoja ulikuwa dola 750. Kwa fedha hizo mkulima wa zama zile angeweza kuondoka na magari mawili mapya ya Ford.

Siku hizi wataalamu wa nguvu za kiume, wa ndoa na wa mahaba hawahesabiki. Wanaandika, wanazungumza, wanajibu maswali usiku kucha. Baadhi yao ni watu wa elimu na huruma, na wameokoa ndoa nyingi. Wengine wanauza matumaini kwa chupa. Anayewasoma hubaki na swali gumu: atamtambuaje wa kweli, ilhali wote wanatumia maneno yaleyale? Kisa cha Brinkley kinafaa kusimuliwa kwa sababu kimekwisha. Kilichunguzwa na bodi ya madaktari, kikapelekwa mahakamani, kikaandikwa na wanahistoria, na kila hila yake inaonekana.

Brinkley alifika Milford mwaka 1917. Kabla ya hapo alisomea udaktari Chicago bila kumaliza, kisha akapata cheti katika chuo kimoja cha Kansas City ambacho baadaye kilijulikana kuwa kiwanda cha kuuza vyeti. Mwenyewe alisimulia hivi: alikuja mkulima mmoja kulalamika kwamba nguvu zimemwishia, wakazungumza, daktari akatania juu ya mabeberu wanavyojiweza, na mkulima akamwomba ampandikizie hizo za beberu. Haukupita muda mrefu, mke wa mkulima akajifungua mtoto wa kiume.

Ni hadithi tamu, nayo ilitangazwa nchi nzima. Ila chanzo chake ni Brinkley mwenyewe, pamoja na kitabu cha maisha yake ambacho aliyekiandika alilipwa na Brinkley huyohuyo. Miaka mingi baadaye mwana wa yule mkulima aliliambia gazeti la Kansas City Star kwamba mambo yalikuwa kinyume: Brinkley ndiye aliyeahidi kumlipa baba yake vizuri ili akubali kufanyiwa jaribio. Yaani hata ule ushuhuda wa kwanza kabisa, ambao juu yake ilijengwa hospitali na kituo cha redio, ulikuwa na fedha nyuma yake.

Kitabibu, upasuaji ule haukuwa na namna ya kufaulu. Nyama ya mnyama ikiwekwa ndani ya mwili wa mtu, bila hata kuunganishwa na mishipa ya damu, mwili huipiga vita kama unavyopiga vita kitu chochote kigeni. Kipande kile kilioza au kikamezwa na mwili, na mgonjwa akabaki na kovu. Hao ndio waliobahatika. Wengine walipata maambukizi, na wapo waliokufa.

Hata hivyo watu waliendelea kumiminika, na sababu kubwa ilikuwa sauti. Brinkley alikuwa hodari wa redio kuliko karibu wote wa wakati wake. Vipindi vyake vilichanganya muziki, mahubiri, habari za wakulima na mazungumzo ya utulivu juu ya mwili wa mwanamume. Hakupayuka. Alizungumza kama jirani aliyekaa barazani, na aliyataja mambo ambayo daktari wa mjini hakuthubutu kuyataja hata mlango ukiwa umefungwa. Lazima apewe haki yake hapo. Wanaume wa Kansas walikuwa na mateso ya kweli na hawakuwa na wa kumwambia. Madaktari wenye elimu ama walinyamaza ama walimcheka mgonjwa, na uwanja wakamwachia huyu. Ndivyo inavyotokea popote wenye ujuzi wanapoona haya kufundisha.

Kipindi chake maarufu zaidi kilikuwa cha kujibu barua. Msikilizaji aliandika dalili zake, Brinkley akaisoma barua hewani, akataja ugonjwa, kisha akataja dawa kwa namba tu. Mgonjwa alikwenda kwenye duka la dawa lililokuwa katika mtandao wa Brinkley, akaitaja ile namba, akapewa chupa. Kwa kila chupa iliyouzwa, mwenye duka alimrudishia Brinkley fungu lake. Mtu hakuguswa wala hakuulizwa swali la pili, wala hakuna aliyejua kama ana ugonjwa wa moyo au figo. Daktari alikuwa mbele ya kipaza sauti Milford, na mgonjwa alikuwa shambani kilomita mia tatu kutoka hapo.

Hapa panahitaji kutuliwa, kwa maana mtindo huo haujafa, ila barua imegeuka ujumbe wa simu. Mtaalamu anayeandika kwa umma ana kazi nzuri ya kueleza jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi wenza wanavyoweza kuzungumza, na dalili zipi zinahitaji hospitali. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa mbali na ikafanywa vizuri sana. Lakini mtaalamu yuleyule akimtajia mtu asiyemwona dozi ya dawa, tena dawa anayoiuza mwenyewe, amekwisha kuvuka mpaka. Kinachomvusha mpaka huo ni mahali fedha zinapoelekea, hata kama kila sentensi aliyoiandika kabla ya hapo ilikuwa sahihi.

Lakini mbona wateja wengine wa Brinkley waliapa kwamba wamepona?

Jibu lipo katika utafiti uliofanywa miaka mingi baada ya yeye kufa. Mwaka 1998 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya majaribio ya sildenafil, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra. Katika sehemu moja ya majaribio hayo, wanaume 329 wenye tatizo la kusimamisha walipewa ama dawa yenyewe ama kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, na hakuna aliyeambiwa amemeza kipi. Katika wiki nne za mwisho, waliomeza dawa walifanikiwa katika asilimia 69 ya majaribio yao ya kujamiiana. Waliomeza kidonge kitupu walifanikiwa katika asilimia 22.

Asilimia 22 kwa kidonge kitupu. Mwanamume aliyeambiwa na mtu anayemwamini kwamba sasa ametibiwa hupungukiwa na hofu, na hofu ni adui mkubwa wa kusimama. Zaidi ya hapo, tatizo lenyewe hupanda na kushuka: leo limezidi, mwezi ujao limepungua, bila mtu kunywa chochote. Kwa hiyo Brinkley akiwapasua wanaume mia, haikosi wapo kadhaa watakaotoka wakisema kwa moyo safi kwamba beberu amewasaidia. Hawadanganyi. Wanaieleza hali yao ilivyo, ila chanzo wanachokitaja sicho.

Na wale wengine wote, ambao hawakupata nafuu, walikwenda wapi? Walirudi nyumbani wakanyamaza. Nani angesimama sokoni aseme kwamba alitoa dola 750 awekewe vitu vya mbuzi na bado hawezi? Hili ndilo linaloutofautisha utaalamu wa mambo ya chumbani na utaalamu mwingine wote. Fundi akijenga ukuta ukaanguka, mwenye nyumba hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Aliyeuziwa dawa ya nguvu za kiume ikashindwa, aibu humfunga mdomo, na kimya chake kinampa mtaalamu mbaya kinga ambayo hakuna wakili angeweza kumpatia. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Hapa, anayeficha ni mgonjwa na anayeneemeka ni tabibu.

Basi ushuhuda wa waliopona, hata ukiwa wa watu elfu, hautoshi kumpima mtaalamu wa mambo haya. Kinachompima ni namna anavyowashughulikia walioshindwa: anawataja, anawahesabu, anawaeleza? Au katika maandishi yake hawapo kabisa?

Isidhaniwe kwamba kila aliyekosea katika jambo hili alikuwa tapeli. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, akawa miongoni mwa wanasayansi wakubwa wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wenzake Paris akawaeleza kwamba alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Alisema aliyoyaamini, tena aliwataka wenzake wayajaribu. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliufuata utaratibu wake hatua kwa hatua, wakapima homoni ya testosteroni iliyokuwamo katika maji yale. Ilikuwa kidogo mno kuweza kuubadili mwili wa mtu. Mzee yule alijipima mwenyewe, akiwa peke yake, akitamani kufaulu. Lakini aliyaeleza aliyoyafanya kwa ukamilifu kiasi kwamba zaidi ya miaka mia baadaye kosa lake likaweza kuonekana. Dawa za Brinkley zilikuwa namba tu.

Mwisho wa Brinkley ulichukua muda. Mwaka 1930 bodi ya udaktari ya Kansas ilimfutia leseni. Katika shauri hilo ilionekana kwamba alikuwa ametia saini vyeti vya vifo vya watu 42, na baadhi yao walifika kwake wakiwa hawana ugonjwa mkubwa. Mwaka huohuo tume ya redio ya serikali ilikataa kuhuisha kibali cha kituo chake, na mahakama ikaikubali hoja hiyo mwaka 1931. Mwaka huohuo wa 1930 alikuwa amegombea ugavana wa Kansas. Jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kura, wapiga kura iliwabidi waliandike kwa mkono, na bado alipata kura zaidi ya 183,000. Hakushinda, lakini alikaribia sana. Watu walimpenda kwa dhati.

Alipofungiwa Marekani alihamia Del Rio, Texas, akajenga mnara ng'ambo ya mto, upande wa Meksiko, ambako sheria za nchi yake hazikumfikia. Kwa nguvu kubwa ya mitambo, sauti yake ilivuka majimbo mengi. Kwenye kituo hicho ndiko familia ya Carter, wanamuziki mashuhuri wa nyimbo za mashambani, ilikosikika na mamilioni. Habari ya mbuzi ikapoa polepole, naye akageukia tezi dume na sindano. Morris Fishbein, mhariri wa jarida la chama cha madaktari wa Marekani, alimwandika waziwazi kuwa laghai. Brinkley alimshtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 1939, huko Del Rio, katika mji uliokuwa umenufaika na wateja wake, wazee wa baraza walikubaliana na Fishbein. Ilielezwa kwamba zile sindano zilikuwa maji yaliyotiwa rangi ya bluu. Baada ya hapo madai ya fidia yalimwandama mpaka akafilisika, na mwaka 1942 akafariki.

Sasa uwekwe kando yake mfano wa namna nyingine. Watafiti William Masters na Virginia Johnson walifanya kazi St. Louis, Missouri, si mbali sana na Kansas. Mwaka 1970 walichapisha kitabu juu ya matatizo ya kujamiiana na jinsi ya kuyatibu. Waliwapokea mume na mke pamoja, kwa kuamini kwamba katika ndoa tatizo la aina hii halimhusu mmoja peke yake. Walieleza hali ambayo wanaume wengi wanaijua ingawa hawajawahi kuitaja: mtu yuko kitandani na mkewe, lakini badala ya kuwa naye anajitazama, anajikagua kama imesimama au la, na kule kujikagua ndiko kunakoiangusha. Tiba yao ilianza kwa kuwakataza wenza kujamiiana kwa siku kadhaa, wawe wanapapasana tu, ili mtihani uondoke.

Lakini kilicho kikubwa kwa hoja hii ni jinsi walivyohesabu. Badala ya kutangaza waliopona, walichapisha kiwango cha walioshindwa, na wakawafuatilia baadhi ya wagonjwa kwa miaka mitano. Kiwango chao cha kushindwa kilikuwa karibu mmoja kati ya watano. Mwaka 1980 wanasaikolojia wawili, Bernie Zilbergeld na Michael Evans, walizichambua hesabu hizo wakaonyesha kwamba hazikueleza vya kutosha maana ya kushindwa ni ipi. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki, na ulikuwa mkali. Uliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukosoa: idadi iliyoandikwa na utaratibu uliotajwa. Mtaalamu anayeaminika huwaachia wengine njia ya kumkosoa.

Upo pia mtego wa vipimo. Maandishi mengi juu ya wanaume hutaja dakika na sentimita bila kusema nani alipima na kwa nini. Anayeandika kwamba mwanamume kamili hudumu nusu saa amewatia wasiwasi maelfu ya waume wasio na ugonjwa wowote, na aliyetiwa wasiwasi ni mteja wa kesho. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliozipa jozi za wenza zipatazo 500, kutoka Uholanzi, Uingereza, Uhispania, Uturuki na Marekani, saa ya kubonyeza, wakaombwa wapime muda tangu uume unapoingia mpaka mwanamume anapofika kileleni. Mtu wa katikati katika orodha hiyo alichukua dakika 5.4. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya, na wastani wa uume uliosimama ulikuwa sentimita 13 na kidogo. Namba hizo mbili zingeweza kuondoa wasiwasi mwingi. Mtaalamu ambaye maandishi yake humwacha msomaji mzima akijiona mgonjwa ana la kujibu.

Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya Afrika Mashariki, mtu akitembea hatua chache hukuta bango la karatasi limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: nguvu za kiume, na chini yake namba ya simu. Sokoni kuna vumbi la Kongo, kuna mizizi ya kutafuna, kuna asali iliyochanganywa na vitu ambavyo muuzaji havitaji. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, inayotaka waganga wasajiliwe, na wapo waganga waliosajiliwa wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Mmea kuwa mmea si kosa. Dawa kuu ya malaria inayotumika duniani leo ilitokana na mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa China alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila mmea ule ulipimwa, kiasi chake kikajulikana, na walioutumia bila kupona wakahesabiwa.

Hatari ya unga usiotajwa ndani yake si ya kufikirika. Mamlaka za dawa za nchi nyingi, ikiwemo ya Marekani, zimekamata mara kwa mara bidhaa zilizoandikwa kuwa ni za mitishamba tupu, na maabara ikakuta ndani yake sildenafil au dawa ya jamii hiyo. Kijana mwenye afya huenda asione lolote zaidi ya kichwa kuuma. Kwa mzee anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuishusha presha ghafla mpaka akafa. Naye atazikwa bila mtu kujua alikunywa nini, kwa kuwa hakumwambia mkewe wala daktari.

Na kuna jambo moja ambalo, likikosekana katika maandishi ya mtaalamu yeyote wa nguvu za kiume, msomaji ana haki ya kumtilia shaka. Utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanaume 1,290 wenye umri wa miaka 40 hadi 70, na zaidi ya nusu yao, asilimia 52, walikuwa na tatizo la kusimamisha kwa kiwango fulani. Kwa wengi wenye umri huo, chanzo si uchawi wala si uhaba wa uanaume. Ni kisukari, presha, sigara na mishipa iliyoanza kuziba. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huathirika mapema, na tatizo la chumbani linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana katika kliniki nzuri mgonjwa huulizwa kwanza kama bado husimamisha alfajiri anapoamka. Anayesimamisha alfajiri na kushindwa usiku mara nyingi ana jambo la hofu au la uhusiano, na hapo mke huombwa aje. Asiyesimamisha kabisa hupimwa presha papo hapo, hutolewa tone la damu kidoleni kupima sukari, na huulizwa dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha zenyewe hupunguza nguvu na zinaweza kubadilishwa.